Kisiwa Kisicho na Bahari

Mwaka 1516 Mwingereza Thomas More alitoa kitabu juu ya nchi ya kisiwa aliyoibuni mwenyewe, akaiita Utopia. Kisiwa hicho hakikuwapo popote duniani, lakini kilipewa lugha yake. Kitabuni ziliwekwa herufi zake na ubeti wa mistari minne. More anasimulia kwamba mfalme wa kwanza wa nchi hiyo ndiye aliyeamuru mfereji uchimbwe ili itengane na bara.

Nami ni mtu wa kisiwani, ingawa kwetu Nambis, katika milima ya Mbulu, hakuna bahari. Lugha yetu, Kiiraqw, ni ya ukoo wa Kikushi. Ndugu zake wa karibu, Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge, ni wachache. Jamaa wengine wako mbali, Ethiopia na Somalia. Sita kwetu ni *lahhoo'*, kwa Msomali ni *lix*, na hiyo x yake hutamkwa kama hh yetu. Majirani zetu ni wa koo nyingine kabisa: Wadatoga ni Waniloti, Wanyiramba na Warangi ni Wabantu, na Wahadza wa Ziwa Eyasi wana lugha yao ya peke yake.

Ndugu msomaji, kisiwa hiki kimedumu vipi? Si kwa kuchimba mfereji. Koo nyingi za Wairaqw zina chimbuko la Kidatoga au la Kibantu. Mgeni alipokelewa, akapata pa kulima, akaoa, na watoto wake wakasema Kiiraqw. Lugha yetu ilikua kwa kufungua mlango.

Kwa hiyo sikiogopi Kiswahili, ambacho tangu 1967 ndicho lugha ya shule za msingi. Kimetuunganisha na Watanzania wenzetu. Ninachosikitikia ni kwamba shuleni nilikosoma mtoto alichapwa kwa kusema lugha ya mama yake, kana kwamba kichwa kimoja hakitoshi lugha mbili.

Kisiwa cha kubuni kilipata herufi mara moja, sisi tulisubiri. Whiteley alichapisha maelezo mafupi ya Kiiraqw mwaka 1958, Maarten Mous sarufi yake mwaka 1993, na mwaka 2002 ikatoka kamusi ya Mous, Martha Qorro na Roland Kießling. Humo sauti ya kooni, ile ayn ya Waarabu, huandikwa kwa mkwaju: /.

Lakini kamusi haisemi yenyewe. Tunayo *slufay*, dua ndefu ya kishairi ambayo mzee huitamka mbele ya watu, nao huitikia. Ubeti wa Utopia unaweza kukaa kitabuni bila msemaji hata mmoja. *Slufay* inahitaji mzee wa kuitamka na vijana wanaoelewa wanachoitikia. Basi sisi wazazi tuseme Kiiraqw na watoto wetu nyumbani, na tuziandike dua hizo wazee wakingalipo.