Karanga za Mwalimu Carver

Katika inchi ya Marekani mwezi wa Februari umewekwa kwa kukumbuka historia ya watu Weusi. Aliyeanzisha desturi hii ni Carter G. Woodson, mwana wa watu waliokuwa watumwa. Mwaka 1926 alianza na juma moja tu; mwaka 1976 juma likawa mwezi mzima. Mara nyingi katika shule za watoto wadogo picha za watu wakuu hutundikwa ukutani, na majina yanakaririwa. Lakini wako walimu wanaowapa watoto udongo, mbegu, maji na makopo, wafanye kwa mikono yao kazi ya yule wanayemkumbuka. Sisi tunawasifu hao. Kwa maana mtoto anayesikia habari za utumwa tu, atafikiri nini juu ya wazee wake? Kwamba walipigwa, wakabeba mizigo, basi. Elimu ataiona kuwa mali ya wengine.

Tumtazame mmoja, George Washington Carver. Alizaliwa mtumwa katika jimbo la Missouri, karibu na mwaka 1864. Angali mtoto mchanga, wezi walimnyakua pamoja na mama yake. Yeye alirudishwa, mama hakuonekana tena. Alisoma kwa taabu, akifua nguo za watu apate kula. Mwaka 1896 Booker T. Washington alimwita kufundisha kilimo katika shule ya Tuskegee, jimbo la Alabama. Vyombo vya kuchunguzia hakuvikuta. Akawatuma wanafunzi kwenye majalala waokote chupa na sufuria zilizotupwa, wakatengeneza vyombo vyao wenyewe. Chumba chake cha kazi alikiita karakana ndogo ya Mungu. Hakuwa wa Kanisa letu, lakini Biblia aliipenda, akaifundisha kwa vijana.

Mashamba ya Alabama yalikuwa yamechoka. Watu walilima pamba mwaka kwa mwaka mahali pale pale, hata udongo ukaisha nguvu, na mkulima Mweusi akazidi kuzama katika deni. Carver akawaambia wabadilishe: mwaka huu pamba, mwaka ujao kunde au karanga. Na kwa kuwa wengi hawakuweza kuja shuleni, mwaka 1906 shule iliwafuata vijijini kwa gari la kukokotwa na nyumbu. Mwaka 1916 alitoa kijitabu cha kulima karanga, chenye namna 105 za kuzipika. Wengine husema ndiye aliyevumbua siagi ya karanga. Si kweli, wala hahitaji sifa ya uongo.

Hapa sisi Wakongo tuna neno letu. Karanga kwa asili zilitoka Amerika ya Kusini. Lakini watu wa kusini mwa Marekani waliziita «goober», na jina hilo limetoka katika nguba, neno la Kikongo. Watu waliopelekwa kwa minyororo walifika na jina hilo vinywani mwao.

Somo hili halitaki fedha. Carver alitengeneza rangi kwa udongo wa Alabama, na mtoto aweza kujaribu: akoroge udongo mwekundu katika maji, angoje mchanga uzame, amimine maji yenye rangi katika kopo jingine, ayaache yatulie. Matope laini yanayobaki chini ndiyo rangi, na ukuta wa darasa uko pale.

Kisha ang'oe mche wa karanga uliochanua, aoshe mizizi polepole katika beseni, asisugue. Ataona vivimbe vidogo vidogo. Ndani yake wamo vijidudu wasioonekana kwa macho; wanatwaa nitrojeni katika hewa na kuulisha mmea, na majani na mizizi ikiozea shambani, udongo unapata sehemu yake. Asiambiwe haya kwanza. Apasue kivimbe kwa ukucha, atazame rangi yake. Kilicho chekundu ndani kingali kinafanya kazi. Cha kijani kimekwisha kazi yake.