Nusu karne ya nyayo za Laetoli: na sungura je?

Mwaka 2026 unatimiza nusu karne tangu nyayo za Laetoli, kusini mwa Serengeti, zionekane kwa mara ya kwanza, na kama kawaida sifa zote zitamwendea binadamu. Haki yake anayo. Waliotembea pale kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita wameipa Tanzania hazina isiyo na mfano. Lakini nyayo zao zilipatikana 1978. Zilizotangulia kuonekana, mwaka 1976, zilikuwa za wanyama, na za sungura zimejaa tele miongoni mwao.

Zilipatikana kwa mzaha. Wanasayansi waliokuwa wageni katika kambi ya mwanaakiolojia Mary Leakey walikuwa wakirudi kambini jioni, wakitupiana mavi makavu ya tembo kama watoto wa shule. Mmoja wao, Andrew Hill, katika kukwepa kombora la mwenzake David Western, akaanguka chini. Pale alipoangukia palikuwa na majivu ya volkano yaliyogeuka jiwe, na juu yake alama za matone ya mvua na nyayo za wanyama. Majivu yalinyeshewa, wanyama wakapita, majivu mengine yakafunika. Kitabu kikubwa cha Laetoli, walichokihariri Leakey na John Harris mwaka 1987, kinawapa wanyama wadogo kama sungura nafasi yao. Ni sisi tuliowaruka.

Mifupa ya sungura wa huko ilikuwa imeshachukuliwa zamani. Mwaka 1939 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen alichimba eneo hilohilo, akasafirisha visukuku hadi Ujerumani. Mwaka 1941, vita vikiendelea, W. O. Dietrich wa Berlin akampa sungura wa Laetoli jina la kisayansi: Serengetilagus praecipuus. Ni miongoni mwa mamalia wanaopatikana kwa wingi zaidi pale. Inaonekana hakuwa mkimbiaji hodari kama sungura wa porini tunayemjua leo.

Dietrich alipotoa jina hilo, mabishano kuhusu ukoo wa sungura yalikuwa yameshapita karne nzima. Wataalamu wa Ulaya walimweka kundi moja na panya, kwa kuwa wote hutafuna kwa meno ya mbele yasiyoacha kukua. Tatizo lilikuwa mdomoni mwake: nyuma ya meno mawili ya juu yamejificha mengine mawili madogo, ambayo panya hana. Mwaka 1912 J. W. Gidley wa Marekani akasisitiza kwamba sungura na pika wana oda yao wenyewe, Lagomorpha. Pika ni mnyama mdogo wa masikio mafupi ya mviringo, asiye na mkia wa kuonekana, aishiye leo Asia na Amerika Kaskazini.

Leo tu, maana hapo kale pika waliishi hata eneo la Ziwa Viktoria. Mwaka 1953 Donald MacInnes alieleza visukuku vya pika kutoka kisiwa cha Rusinga, Kenya, vya takriban miaka milioni 18, akawaita Kenyalagomys. Jina likaipa nchi fahari, ila halikutulia. Wataalamu waliochunguza visukuku vya Namibia walisema baadaye kwamba pika wa Rusinga ni wa jenasi ileile ya Austrolagomys, iliyopewa jina na Ernst Stromer mwaka 1926. Kwa kanuni ya sayansi jina la kwanza ndilo hushinda, na kwa hoja hiyo Kenya ikapokonywa pika wake. Mamilioni ya miaka baada ya pika wa Rusinga, sungura wakaingia Afrika kutoka kaskazini.

Mabishano ya ukoo nayo hayakuisha: mwaka 1996 makala katika jarida la Nature ilidai kwamba sungura yuko karibu zaidi na nyani kuliko panya. Uchunguzi mpana wa vinasaba ukamrudisha jirani na panya, kila mmoja na oda yake.

Njia ya wanyama wa Afrika Mashariki kwenda Berlin, alikopelekwa sungura wa Laetoli, haikuanza na Kohl-Larsen. Miaka ya 1840 Wilhelm Peters alizunguka Msumbiji akikusanya wanyama, na hata maneno ya lugha za pwani, ya Cabo Delgado yakiwemo. Mwaka 1852 akachapisha kitabu cha mamalia, kisha akawa mkuu wa makumbusho ya wanyama Berlin. Kwa hiyo mtoto wa kisiwa cha Vamizi, Cabo Delgado, anayelala kwa hadithi za Sungura na Fisi, sawa na mwenzake wa Ngorongoro, akitaka kuona kisukuku kilichompa Serengetilagus jina lake, afunge safari ya Ujerumani.

Mjadala wa kurudisha mali za kale umemng'ang'ania dinosaria wa Tendaguru, Tanzania, aliyeko Berlin, kwa sababu ya ukubwa wake. Mifupa midogo nayo iorodheshwe, idaiwe, na mitaala imtaje sungura wa Laetoli kwa jina. Sherehe ya nusu karne itakayomsahau itakuwa imesherehekea 1978 kabla ya wakati wake.