Saa Mbili na Kilomita Mia: Hoja kuhusu Upanuzi wa Hospitali Mkoani Mara

Utangulizi

Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Kutoka Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, hadi hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo Kwangwa, Musoma, mwendo unazidi kilomita 100. Makala haya yanachunguza uwekezaji wa umma katika hospitali za Mara kwa kutumia hesabu hizo mbili. Hoja yake ni kwamba shilingi inayopanua hospitali ya mkoa huzaa matunda pale tu inapokwenda sambamba na shilingi inayoziwezesha hospitali za wilaya kumwokoa mgonjwa, au kumtunza hadi afike anakopelekwa.

Funzo la Kwangwa

Ujenzi wa hospitali ya Kwangwa, inayobeba jina la Mwalimu Nyerere, ulianza miaka ya 1970. Ulikutana na miaka migumu: Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kisha mdororo wa uchumi uliobana kila bajeti. Ujenzi ukakwama kwa miongo kadhaa, hadi Serikali ya Awamu ya Tano ilipoufufua mradi na wagonjwa wakaanza kupokelewa.

Mahitaji hayakusubiri. Sensa ya 2012 iliwahesabu watu 1,743,830 mkoani Mara; ile ya 2022 ikawahesabu 2,372,015, yaani ongezeko la asilimia 36 katika miaka kumi. Jengo lililochelewa huanza kazi likiwa tayari limezidiwa na idadi ya watu. Kwa hiyo, kukamilisha mradi uliokwisha kuanzwa ni uwekezaji wenye faida kubwa kuliko kuweka jiwe jingine la msingi.

Mgonjwa mmoja, mafungu mawili

Mfumo wetu wa rufaa hupanda ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha ya kanda, ambayo kwa Mara ni Bugando, Mwanza. Tangu mwishoni mwa 2017 hospitali za rufaa za mikoa zimekuwa chini ya Wizara ya Afya, huku za wilaya zikibaki chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Mgawanyo huo una mantiki ya kiutawala, lakini unaipasua safari ya mgonjwa katika mafungu mawili ya bajeti. Fungu moja linaweza kununua vitanda Kwangwa mwaka uleule ambao fungu la pili halina fedha za mafuta ya gari la wagonjwa Mugumu.

Mwaka 1994 watafiti Thaddeus na Maine walieleza kwamba vifo vya uzazi hutokana na ucheleweshaji wa aina tatu: kuamua kutafuta huduma, kufika kituoni, na kuhudumiwa baada ya kufika. Upanuzi wa majengo ya mkoa hugusa aina ya tatu, tena kwa wale tu waliofanikiwa kuzivuka mbili za kwanza.

Mji mmoja, hospitali mbili

Mugumu ina hali ya pekee. Kwa miaka mingi hospitali teule ya wilaya ilikuwa Nyerere, mali ya Kanisa la Mennonite Tanzania. Baadaye halmashauri ikajenga hospitali yake katika mji huohuo. Wapo wanaoona hapo ushindani. Mimi naona nafasi. Hospitali mbili zinazorudufu huduma zinagawana uhaba wa wataalamu, lakini hospitali mbili zilizogawana majukumu kwa mkataba zinaweza kuipatia wilaya chumba cha upasuaji kisicholala na akiba moja ya damu.

Mahitaji ya huko yanajulikana. Ukeketaji haujakoma Serengeti na Tarime, ingawa sheria ya 1998 iliuharamisha kwa wasichana walio chini ya miaka 18. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, uliohusisha zaidi ya wanawake 28,000 katika nchi sita za Afrika, ulionyesha kwamba waliokeketwa wako katika hatari kubwa zaidi ya kujifungua kwa upasuaji na kuvuja damu. Katika wilaya kama hii, mtaalamu wa usingizi na benki ya damu ni mahitaji ya msingi.

Mipaka nayo itazamwe upya. Mgonjwa wa vijiji vya Serengeti vilivyo kandokando ya Mto Mara yuko karibu na hospitali ya Nyamwaga, wilayani Tarime, kuliko Musoma. Rufaa ifuate barabara na daraja, isifuate ramani ya halmashauri.

Pingamizi na jibu

Wapo wanaosema: tujenge kwanza, mengine yatafuata. Hoja yao ina uzito. Mpango ulioanza 2018/19 wa hospitali 67 za halmashauri, kwa shilingi bilioni 1.5 kila moja, uliwasogezea wengi huduma. Takwimu za kitaifa nazo zinatia moyo: vifo vya uzazi vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Hata hivyo, jengo halimwongezei mtu damu. Katika miaka hiyohiyo yalifanyika mengine pia: fedha kupelekwa moja kwa moja vituoni, vyumba vya upasuaji katika vituo vya afya na, kuanzia 2022, usafiri wa dharura wa wajawazito uitwao m-mama kuenezwa nchini. Ujenzi ulifaa kwa sababu haukuwa peke yake.

Hitimisho

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mradi wa upanuzi uidhinishwe pamoja na ikama yake, nyumba za watumishi na fedha za uendeshaji za miaka mitano. Pili, Wizara ya Afya na TAMISEMI ziandae mpango mmoja wa rufaa wa Mkoa wa Mara, ukizihusisha hospitali za kanisa. Tatu, mafanikio yapimwe kwa dakika anazotumia mgonjwa kutoka kijijini hadi kwenye meza ya upasuaji, na takwimu hizo zisomwe hadharani katika mabaraza ya madiwani.

Madiwani na wabunge wa Mara wanapoijadili bajeti ijayo, waanze kwa kuuliza swali hili: mama akianza kuvuja damu Mugumu usiku wa leo, ndani ya saa mbili atakuwa mikononi mwa nani?