Nafasi ya Asiyeweza Kupanga Foleni

Jumapili ya tarehe 17 Julai, 1955, katika mji wa Anaheim, jimbo la California nchini Marekani, mtengenezaji mashuhuri wa filamu za katuni, Walt Disney, alifungua bustani ya michezo na burudani aliyoipa jina la Disneyland. Siku hiyo ilikusudiwa wageni walioalikwa peke yao. Lakini tikiti za bandia zilikuwa zimekwisha kutapakaa, na watu wapatao 28,000 wakaingia, idadi iliyopita mbali ile iliyotarajiwa. Jua lilikuwa kali. Lami iliyomwagwa karibuni ililainika ikanasa visigino vya viatu vya akina mama, na sehemu nyingi za kunywea maji zilikuwa kavu kwa kuwa mgomo wa mafundi bomba ulikuwa umechelewesha kazi. Na kila palipokuwa na mchezo palikuwa na foleni.

Foleni hiyo haijaondoka hadi leo. Mtu hununua tikiti ya bei kubwa, kisha husimama saa nzima, pengine saa mbili, ili apande kigari kinachopanda na kuteremka kwa kasi kwa muda wa dakika tatu. Wenye bustani waliifanya foleni kuwa elimu kamili. Waliikunja kama nyoka katikati ya vyuma na minyororo ili ionekane fupi kuliko ilivyo, wakaipitisha katika vyumba vyenye picha na muziki, wakabandika saa za kukadiria muda wa kungoja. Lakini kwa miaka mingi foleni hiyo ilipimwa kwa mwili wa mtu mzima wa afya, mwenye miguu ya kusimama na subira ya kutosha.

Wako watu ambao hawana kipimo hicho. Mtoto mwenye usonji aweza kuumizwa na kelele na msongamano kama vile mwingine anavyoumizwa na moto; akibanwa katikati ya watu hupiga mayowe, hujipiga kichwa, au huchomoka mkononi mwa mama yake akakimbia. Mgonjwa wa matumbo hawezi kukaa mbali na choo. Mwenye maradhi ya moyo aweza kutembea hatua mia moja akitabasamu, lakini akisimamishwa mahali pamoja kwa nusu saa huanguka. Wengi wao hawana gongo wala kiti cha magurudumu. Ukiwatazama hutaona kasoro yoyote, na hapo ndipo matata yao yanapoanzia.

Huenda msikilizaji akasema kwamba habari ya watoto wa nchi tajiri kupanda bembea haituhusu hata kidogo. Kwa upande mmoja ana haki. Lakini sisi katika nchi zetu tunaijua foleni vizuri. Wazee wetu wanaikumbuka ile ya sukari na sabuni ya miaka ya mwanzo ya 1980, na hata leo bomba la maji la mtaa likitoa maji kwa saa chache, ndoo hupangwa mstari tangu alfajiri. Tazama jinsi ndoo zile zinavyofanya kazi. Bibi kizee huweka ndoo yake, akaenda kuketi chini ya mwembe, na zamu yake haipotei. Ndoo inasimama badala ya miguu yake. Katika Marekani, jambo hilo dogo lilihitaji sheria, mahakama na miaka zaidi ya arobaini ya mabishano, na bado halijakwisha.

Yafaa tuianze habari hiyo mbali kidogo na bustani. Mwaka 1973 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyokataza ubaguzi dhidi ya walemavu katika shughuli zote zinazopata fedha za serikali kuu. Sheria ilitiwa sahihi, lakini kanuni za kuitekeleza zilikaa ofisini miaka minne bila ya kutiwa mkono, marais watatu wakipokezana. Tarehe 5 Aprili, 1977, walemavu zaidi ya mia moja waliingia katika jengo la serikali mjini San Francisco, wakiongozwa na wanaharakati kama vile Judith Heumann, wakakataa kutoka. Walikaa humo karibu mwezi mzima. Wengine walikuwa hawawezi kujigeuza kitandani bila ya msaidizi. Simu zilipokatwa, viziwi walipeleka habari kwa wenzao waliokuwa nje kwa ishara za mikono madirishani, na wafuasi wa chama cha Black Panther wakawaletea chakula. Tarehe 28 Aprili waziri aliyehusika, Joseph Califano, alitia sahihi kanuni zile.

Hata hivyo, kanuni hizo hazikuyagusa makampuni ya watu binafsi. Mwenye hoteli, mwenye sinema na mwenye bustani ya michezo waliendelea kufanya watakavyo mpaka mwaka 1990. Mwezi Machi mwaka huo walemavu wapatao sitini waliviacha viti vyao chini ya ngazi za jengo la Bunge mjini Washington, wakazipanda ngazi zile kwa mikono na magoti, mmoja wao akiwa mtoto wa miaka minane. Tarehe 26 Julai Rais George Bush, baba, alitia sahihi sheria ya haki za walemavu iliyowalazimisha pia wafanyabiashara binafsi. Sheria hiyo haikusema tu kwamba mlango uwe wazi. Ilisema kwamba mwenye biashara sharti abadili taratibu zake kwa kiasi kinachofaa endapo taratibu hizo zinamzuia mlemavu, isipokuwa kama mabadiliko hayo yatageuza asili yenyewe ya huduma anayoitoa.

Tunda la kwanza la sheria hiyo lilikuwa la ajabu. Zamani foleni za bustani zilikuwa nyembamba na zenye ngazi, kwa hiyo mwenye kiti cha magurudumu alipitishwa mlango wa kutokea, akapanda mchezo mara moja. Baada ya 1990 michezo mipya ilijengwa na njia pana, na mwenye kiti akaweza kupanga foleni pamoja na watu wengine. Huo ndio usawa alioupigania. Lakini sasa swali likawa jingine kabisa: je, yule anayeweza kuingia katika njia ile pana, lakini hawezi kukaa humo?

Kampuni ya Disney ilimjibu kwa kadi. Mgeni alifika ofisini, akaeleza shida yake, akapewa kadi ya msaada bila ya kudaiwa cheti cha daktari, na mara nyingi kadi hiyo ilimpitisha haraka yeye na jamaa zake. Ulikuwa utaratibu wa kuaminiana, na kwa miaka mingi familia zenye watoto wa usonji ziliuita mkombozi. Kisha mwezi Mei 2013 gazeti moja la New York lilitoa habari iliyowaudhi watu wengi: baadhi ya matajiri wa mji huo walikuwa wakimkodi mlemavu kwa dola 130 kwa saa, ajifanye jamaa yao, ili watoto wao wapite mbele ya foleni.

Mimi naona kwamba unyonyaji una sura nyingi, lakini kuukodi ulemavu wa mtu kama vile mtu anavyokodi teksi ni sura ambayo hata mabepari wenyewe waliionea haya. Na aliyeilipa gharama ya ujanja huo si tajiri yule. Mwezi Oktoba 2013 kampuni iliifuta kadi ya zamani, ikaleta utaratibu mpya. Mlemavu hakupitishwa tena haraka, bali alipewa saa ya kurudi, yenye kulingana na urefu wa foleni ya wakati ule, akaruhusiwa kungojea mahali pengine.

Ndugu msikilizaji, hiyo ndiyo ndoo ya bibi yetu, na kwa watu wengi yatosha. Lakini mwaka 2014 wazazi wa watoto wenye usonji walikwenda mahakamani wakieleza kwamba haiwatoshi watoto wao. Ndoo humfaa yule anayejua kwamba ndoo ni yake na kwamba zamu itafika. Yuko kijana ambaye neno “baadaye” halina maana kwake. Yuko ambaye lazima aipitie michezo kwa mpangilio uleule aliouzoea tangu utotoni, na akifika mlangoni akaambiwa arudi baada ya dakika arobaini, siku nzima imeharibika.

Mahakama haikulianza suala hilo gizani. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mchezaji wa gofu Casey Martin, ambaye maradhi ya mguu yalimzuia kutembea uwanja mzima. Wakuu wa mchezo walidai kwamba kutembea ni sehemu ya gofu. Majaji saba dhidi ya wawili walisema kwamba gofu ni kupiga mpira, na Martin akaruhusiwa kupanda kigari. Tangu hapo maswali yakawa haya: je, mabadiliko yanayoombwa ni ya lazima kwa mtu huyu mwenyewe, yanafaa, na yanauacha mchezo ukiwa ni mchezo uleule?

Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilisema kwamba madai ya wazazi yanastahili kusikilizwa kikamilifu. Lakini mwaka 2020 jaji wa Orlando aliyesikiliza ushahidi alikata kauli kwamba haikuthibitika kuwa kijana aliyekuwa mbele yake hawezi kabisa kungoja, na kwamba kuwapitisha wote wenye madai kama hayo kungeirefusha foleni ya kila mtu na kuigeuza biashara yenyewe. Uamuzi huo ulithibitishwa katika rufani mwaka 2022. Haki haikukosekana kabisa katika hoja ya jaji, kwani mtoto mzima naye amesimama juani. Ila ni vigumu kusahau kwamba hofu ile ya foleni kurefuka ilizidishwa na waongo.

Mwaka 2024 mlango ulibanwa zaidi. Kampuni ilitangaza kwamba utaratibu wa saa ya kurudi ni kwa wale tu ambao, kwa sababu ya ulemavu wa makuzi kama usonji au unaofanana nao, hawawezi kungoja muda mrefu katika foleni ya kawaida. Mwombaji huhojiwa kwa njia ya video, na akisema uongo aweza kupigwa marufuku asiingie tena. Kwa hiyo wenye maradhi ya matumbo na ya moyo, ambao zamani walipewa nafasi, wengi wao waliambiwa waingie foleni, watoke wakizidiwa, kisha warudi. Mtu mmoja akienda na watoto wawili wadogo, watoto hao atamwachia nani anapotoka mbio kutafuta choo?

Wakati huohuo jambo jingine lilikuwa likitendeka katika bustani zilezile. Tangu 1999 palikuwa na tikiti ya kupita haraka iliyotolewa bure kwa kila mgeni. Mwaka 2021 ikafutwa, na mahali pake pakawekwa njia ya haraka ya kulipia, ambayo mwanzoni huko Florida ilikuwa dola 15 kwa siku. Mwaka 2024, miezi michache tu baada ya masharti ya walemavu kukazwa, iliongezwa tikiti ya daraja la juu zaidi, ambayo bei yake katika siku za msongamano ilifika dola 400 kwa mtu mmoja kwa siku moja, mbali na kiingilio. Mwenye tikiti hiyo hupita njia ya haraka saa yoyote aipendayo. Hahojiwi kwa video. Foleni inayorefushwa na wapitaji wa namna hiyo haikuletwa mbele ya jaji kama hoja ya kuwazuia.

Mwezi Februari 2025 kesi mpya ilifunguliwa katika jimbo la California, mahali palepale ilipoanzia Disneyland, ikidai kwamba kuchagua aina moja ya ulemavu na kuziacha nyingine ni kuvunja sheria.