Mavi ya Chuma

Waandishi wenzangu wa mjini wakisikia natoka Karagwe hunisalimia kwa kahawa na ndizi, na wakishamaliza hayo mawili wanakwama. Leo nawapa kitu kingine cha kwetu: taka. Usicheke, ndugu msomaji. Historia ya madini ya pembe hii ya nchi mimi naiona ni historia ya kilichotupwa, na ya yule aliyekuja kukiokota.

Tuanzie Bweranyange, makao ya wafalme wa Kihinda. Novemba 1861 Waingereza wawili, Speke na Grant, walifika pale kwa Omukama Rumanyika. Januari Speke akaendelea na safari ya Buganda, Grant akabaki kwa sababu mguu wake ulikuwa umeoza kwa kidonda. Mwaka 1876 akaja Stanley, akaoneshwa nyumba ya hazina. Mzungu akisikia hazina ya mfalme hutarajia dhahabu na fedha. Hapakuwa na hivyo. Palikuwa na bata na ng'ombe wa shaba, na silaha za chuma ambazo Stanley mwenyewe alizisifu kwa ufundi. Hazina ya Karagwe ilikuwa pia na ng'ombe wa chuma, pamoja na vyuma vyenye umbo la nyundo, na wazee husimulia kwamba Ndagara, baba yake Rumanyika, alikuwa mhunzi. Mfalme na mhunzi kuwa mtu mmoja! Katika nchi hizi za maziwa haikuwa ajabu, maana anayejua kulitoa jembe ndani ya jiwe anajua jambo kubwa.

Na lilikuwa jambo la siku nyingi. Upande wa Bukoba, pale Katuruka, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta dalili za uyeyushaji wa chuma za zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1976 wazee wa Kihaya walijenga tanuri upya mbele ya watafiti, Peter Schmidt na Donald Avery, wakiongozwa na kumbukumbu tu. Tanuri linajazwa mawe ya chuma na mkaa, mivukuto inapulizwa kwa zamu, watu wanaimba, jasho linatoka. Chuma chenyewe hakiyeyuki kikawa maji. Kinajikusanya kama donge lenye matundu, kisha mhunzi analipiga mpaka litulie. Kinachoyeyuka na kumwagika ni ule uchafu mweusi unaong'aa, ambao Kiswahili, lugha isiyo na haya, kinauita mavi ya chuma.

Sasa, ndani ya mavi hayo bado kuna chuma kingi. Mhunzi wa kale hakuwa mjinga, ila tanuri lake halikuweza kukitoa chote, na mawe na mkaa vilikuwepo vya kutosha, basi akatupa. Kila njia ya kutoa madini ina kikomo chake, na kikomo hicho ndicho kinachoamua lipi liitwe mali na lipi liitwe taka. Akija mtu mwenye njia nyingine, mpaka unahama, na hapo ndipo ugomvi unapoanza.

Naomba tutoke Karagwe kidogo, maana ugomvi wa namna hii uliwahi kutikisa serikali nzima miaka ile ile ya Rumanyika. Karibu na Athens, Ugiriki, kuna mahali panaitwa Laurion. Wagiriki wa kale walichimba pale mawe ya risasi yenye fedha kidogo ndani yake. Waliyasaga, wakayaosha juu ya meza za mawe, wakayayeyusha wakapata risasi, kisha risasi wakaichoma tena kwa upepo mkali ndani ya bakuli. Risasi iligeuka kuwa kama majivu ikaondoka, na fedha, ambayo haikubali kuungua, ikabaki chini kama tone jeupe. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watumwa. Marundo ya mabaki yao yalikaa pale miaka zaidi ya 2,000, hadi mwaka 1864, miaka miwili tu baada ya Speke kuondoka Bweranyange, kampuni ya Mtaliano Serpieri na wenzake Wafaransa ilipoanza kuyayeyusha upya. Faida ikaonekana. Ndipo Wagiriki wakaamka: haya mabaki ni ya nani? Mwaka 1871 bunge lao likapitisha sheria kwamba mabaki ya machimbo ni mali ya taifa. Ufaransa na Italia zikaja juu, mabalozi wakatunisha misuli, na mwaka 1873 tajiri wa Kigiriki, Andreas Syngros, akainunua kampuni ili yaishe.

Kama jina la makinikia limekujia kichwani, tuko pamoja. Lakini kwanza twende mwaloni.

Mwaka 1887, kule Glasgow, MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest waligundua kwamba sumu ya sianidi, ikichanganywa na maji mengi, inaiyeyusha dhahabu iliyojificha kwenye mchanga, na kisha unaweza kuikamata tena kwa zinki. Fedha nayo inafuata njia hiyo hiyo. Afrika Kusini iliufanyia kazi ugunduzi huo toka 1890, wakaanza kuchuma dhahabu kwenye marundo waliyokwisha kuyaacha. Mjukuu wa ugunduzi ule anaishi Kanda ya Ziwa, na jina lake la mtaani ni marudio.

Mambo yanakwenda hivi. Mchimbaji mdogo wa Geita anashuka duarani, anapandisha mawe, anayapeleka karashani yakasagwe. Unga unaoshwa mwaloni juu ya mbao zilizoinama, zimetandikwa magunia au zulia, dhahabu nzito inanasa, mchanga mwepesi unakwenda na maji. Ule unga ulionasa unachanganywa na zebaki kwa mikono mitupu, unakamuliwa kwenye kitambaa, na kidonge kinachobaki kinachomwa motoni. Zebaki inaruka na moshi, na mvutaji wa moshi huo ni yeye mwenyewe, na mara nyingi mama anayepika chakula jirani. Baada ya mateso yote hayo, dhahabu anayopata kwa kawaida haifiki nusu ya iliyokuwa kwenye jiwe.

Nusu nyingine na zaidi iko kwenye marudio, na sehemu nyingi marudio yanabaki kwa mwenye karasha au mwalo, kama sehemu ya malipo. Huyo ndiye mwenye dili. Marudio yanapakiwa kwenye matangi makubwa, maji ya sianidi yanapitishwa siku kadhaa, yakitoka chini yanapita kwenye mkaa maalumu unaoinyonya dhahabu, na mkaa huo unapelekwa kusafishwa. Jamaa hajaingia duarani hata siku moja, wala hajavuta moshi. Simlaumu kwa kuwa na akili na mtaji. Ninachouliza ni kwa nini jiwe lihesabiwe kuwa limekwisha siku ile ile ambayo mchimbaji analipwa. Halafu kuna fedha. Dhahabu yetu hutoka ardhini ikiwa imechanganyika nayo, na mnunuzi wa mtaani mara nyingi hulipia dhahabu tu. Anayekuja kuzitenganisha anaweza kutumia tindikali kali inayoyeyusha dhahabu, fedha ikabaki chini ya chombo kama unga mweupe. Unga huo nao haumo kwenye hesabu ya mchimbaji.

Makinikia yalikuwa hadithi hiyo hiyo kwa ukubwa wa taifa. Mchanga wa Bulyanhulu na Buzwagi, wenye shaba, dhahabu na fedha, ulikuwa ukisafirishwa kuyeyushwa ng'ambo. Machi 2017 Rais Magufuli akapiga marufuku, makontena 277 yakazuiwa bandarini Dar es Salaam, kamati ya Profesa Mruma na ile ya Profesa Osoro zikasoma taarifa zao, na kampuni ya Acacia ikazikana takwimu hizo. Januari 2020 serikali na Barrick wakatia saini: dola milioni 300, na hisa asilimia 16 katika kampuni mpya ya Twiga. Watu bado wanabishana nani alimshinda nani. Mimi naona mabishano ya bei yalifunika swali la ufundi, yaani kwa miaka yote ile mtanuri wa kuyeyushia ulikuwa kwa watu wengine.

Kyerwa, ambayo ilikuwa Karagwe mpaka 2012, ina bati lililoanza kuchimbwa miaka ya 1920, chini ya Waingereza. (Bati hili si lile la kuezekea. La kuezekea ni chuma kilichopakwa zinki.) Jiwe la bati lina uzito karibu mara saba ya maji, mawe meupe yanayoambatana nalo hayafiki mara tatu, kwa hiyo karai na maji vinatosha kulitenga. Babu mmoja wa ukoo wetu alifanya kazi hiyo ujanani. Nilipomtembelea nilimweleza habari za Kasese, Uganda, ambako mgodi wa shaba wa Kilembe uliacha rundo kubwa la mabaki, na kuanzia 1999 kiwanda kikawa kinalitoa kobalti kwa kutumia bakteria, vidudu visivyoonekana, mpaka rundo likaisha miaka ya 2010.

Nilidhani vidudu vitamshangaza. Aliniacha nikamaliza, akauliza, "Na wale waliolirundika, mjukuu wangu, walipewa nini?"

Nikamwambia mgodi ule ulifungwa 1982, na wengi wao walikuwa wameshatawanyika.