Vuga chini ya nyasi, Vuga chini ya bati

Februari 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walipanda milima ya Usambara hadi Vuga, makao makuu ya Wakilindi, ukoo uliotawala milima hiyo. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alikuwa amezeeka na akiugua. Walimkuta amejilaza kitandani. Burton aliukadiria mji kuwa na vibanda 500 hivi, vya mviringo, vilivyoezekwa kwa nyasi.

Vibanda, kwa macho ya mgeni. Ukiingia ndani, paa lile lilikuwa na kazi nyingi. Nyasi zilizolazwa tabaka juu ya tabaka hushika hewa kati ya mabua, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Madirisha hayakuwepo. Moshi wa mafigani ulijipenyeza taratibu kwenye nyasi, ukizikausha na kufukuza wadudu, huku wenye nyumba wakikohoa na kufikicha macho. Sisemi yalikuwa maisha ya raha. Lakini Julai, ukungu unapoziba vilima, jioni ukikoka moto, usiku wa manane chumba kilikuwa bado na uvuguvugu.

Hatari ya nyasi ni moto huohuo. Kimweri alifariki 1862, ukoo ukagawanyika kwa vita vya urithi, na Vuga yenyewe ikateketezwa. Mwaka 1895 wamisionari wa Kijerumani wa shirika la Bethel walifungua kituo hapo.

Kufikia wakati huo paa lisiloungua lilikuwepo: bati la migongo lilikuwa limeshabuniwa London na Henry Palmer, mwaka 1829. Tangu 1960 kampuni ya mabati ya ALAF ikawa na kiwanda chake Dar es Salaam. Bati haliungui, halihitaji kuezuliwa kila baada ya miaka michache, na linakinga maji ya mvua. Nani Vuga angelikataa?

Ila bati la geji 30 lina unene wa milimita 0.3 tu. Mchana linawaka kama kikaango. Usiku usio na mawingu, joto lake hupotelea angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe, na mvuke wa pumzi za waliolala hugeuka matone chini yake, yakawadondokea alfajiri. Dari ingemaliza sehemu kubwa ya shida hiyo, kwa hewa inayobaki kati yake na bati. Hata hivyo fundi akishamaliza kenchi, fedha iliyosalia huenda kwenye madirisha mapana ya aluminiamu, ambayo jirani anayaona kutoka barabarani. Kioo kimoja chembamba hupitisha baridi vilevile. Dari husubiri msimu mwingine wa mavuno.