Sanduku la Mtakatifu Frideswide: Wanafunzi maskini na msaada wa wakati wa shida

Kila mara mitihani inapokaribia, mapadri wa parokia zetu hupigiwa hodi na vijana wa iniversite. Hao si watu wazoefu wa kuomba. Mwaka ulipoanza walikuwa na feza yao, tena wazazi wao walijinyima mengi ili kuipata. Kisha baba akafariki, au mama akalazwa hospitali, au vita vikafunga njia ya kijijini, na ile feza ikaisha kabla ya wakati. Kijana asiyelipa huzuiliwa mara nyingi kuingia katika chumba cha mtihani, na mwaka mzima wa kazi unapotea juu ya deni ambalo pengine lingelipwa baada ya miezi miwili.

Shida hii ni ya zamani kama vyuo vikuu vyenyewe. Na namna ya kwanza ya kuiponya kwa utaratibu, tunayoijua vizuri, ilizaliwa katika mambo ya damu, huko Oxford, Uingereza.

Mwaka 1209 mwanafunzi mmoja wa Oxford alimwua mwanamke wa mji akakimbia. Watu wa mji walipomkosa waliwakamata wenzake waliokaa naye, wakawanyonga, na mfalme John akakubali. Waalimu na wanafunzi wakahama kwa hasira. Wengine wakaenda Cambridge, na hivyo ndivyo chuo kikuu cha pili cha Uingereza kilivyoanza. Wakati ule mfalme alikuwa akigombana na Papa, kwa hiyo kesi ilingoja. Mwaka 1214 mjumbe wa Papa, Kardinali Nicholas, askofu wa Tusculum, ndiye aliyekata shauri. Watu wa Oxford waliamriwa kutoa shilingi 52 kila mwaka kwa ajili ya wanafunzi maskini, tena siku ya Mtakatifu Nikola wawalishe wanafunzi maskini 100 mkate, pombe, supu, na samaki au nyama.

Malipo ya dhambi, basi. Lakini shilingi 52 zikigawanywa kila mwaka kama sadaka zinakwisha upesi, na mwanafunzi anayepatwa na shida baada ya mgawanyo hapati kitu. Aliyeliona jambo hili vizuri alikuwa Robert Grosseteste, mtu wa jamaa maskini, aliyefundisha Oxford kabla ya kufanywa askofu wa Lincoln mwaka 1235. Mwaka 1240 aliamuru feza ile iwekwe ndani ya sanduku katika monasteri ya Mtakatifu Frideswide, nyumba ya Wakanoni wa Mtakatifu Augustino, na tangu hapo isigawanywe tena, ila ikopeshwe.

Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Mwanafunzi mwenye shida alileta kitu cha kuwekwa rehani: kitabu, kikombe cha feza, au joho. Kitu kile sherti kiwe na bei kupita deni. Alipewa feza, naye akirudisha kiasi kilekile alichopewa alirudishiwa mali yake. Riba, ni kusema faida ya deni, haikuwapo kabisa. Siku za mwisho zikipita bila deni kulipwa, rehani iliuzwa, na kilichozidi deni kilikuwa chake mwenyewe. Walinzi wa sanduku walichaguliwa, nao walipaswa kutoa hesabu.

Msomaji apime neema hiyo kwa kulinganisha. Katika miaka ileile ya 1240 mfalme Henry III aliwakataza wakopeshaji wa Oxford kuwatoza wanafunzi zaidi ya peni 2 kwa kila pauni kila juma. Hiyo ndiyo iliyoitwa huruma! Pauni moja ilikuwa peni 240. Kwa majuma 52 mkopaji alilipa peni 104 juu ya deni lake, karibu 43 kwa mia. Kijana aliyekopa kwa ajili ya ugonjwa wa mwezi mmoja aliweza kubaki mtumwa wa deni mpaka mwisho wa masomo yake.

Watu wengine walifuata mfano wa sanduku lile. Mwaka 1293 Ela, mjane wa mtawala wa Warwick, alitoa marki 120, yaani pauni 80, kwa sanduku jingine. Yakaongezeka, mengi yakiwekwa katika kanisa la Bikira Maria mjini Oxford, na katika baadhi yake mkopaji alipaswa kusali Baba Yetu na Salamu Maria kwa ajili ya roho ya mtoaji. Mimi naona sala hiyo ilikuwa na kazi nyingine pia: iliondoa haya. Mtu anayetoa rehani, anayelipa, tena anayemwombea mfadhili wake, hasimami mlangoni kama mwombaji.

Sherti pia tuseme upungufu wake. Asiye na kitabu wala joho hakuwa na cha kuweka rehani, kwa hiyo maskini kabisa alipitwa. Kwa ajili yao Kanisa lilijenga kolegio, nyumba za kulala na kula, kama ile ya Robert de Sorbon huko Paris, mwaka 1257. Leuven ya Ubelgiji, chuo kilichoanzishwa mwaka 1425 kwa ruhusa ya Papa Martino V, kilimpokea mwaka 1476 mtoto wa seremala wa Utrecht, aliyefiwa na baba yake angali mdogo. Huyo akawa Papa Adriano VI, na alipofariki mwaka 1523 aliacha nyumba yake ya Leuven iwe kolegio ya wanafunzi maskini wa teolojia.

Hapo tunafika kwetu, kwa maana Lovanium ni jina la Leuven kwa Kilatini. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 juu ya mlima, karibu na Kinshasa. Lakini katika nchi yetu msaada ulichukua njia ya burse ya serikali. Burse ilikuwa jambo kubwa, na watoto wengi wa wakulima walisoma kwa ajili yake. Ila ilitegemea mfuko mmoja wa mbali. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi waliandamana Kinshasa, pamoja na mengine wakidai burse iongezwe. Askari wakawapiga risasi, na wengi wakafa. Mwaka 1971 serikali iliunganisha vyuo vikuu vyote vitatu kuwa kimoja, ikavitenga tena mwaka 1981. Katika miaka iliyofuata burse ilipoteza thamani yake, kisha ikakoma kwa wanafunzi walio wengi, na mzigo ukabaki juu ya wazazi.

Likelemba ya kina mama imewaokoa wengi, lakini zamu ya likelemba haijui siku ya ugonjwa. Parokia ikitaka kuwa na sanduku lake, ikumbuke pia mwaka 1993, zaire mpya moja ilipobadilishwa na zaire za zamani 3.000.000. Sanduku lililojaa noti lilikwisha bila mwizi kuligusa. Walinzi wa Oxford walishika vitabu, na kitabu hakipungui hivyo.

Monasteri ya Mtakatifu Frideswide ilifungwa mwaka 1524, na katika karne ile ya 16 masanduku ya mikopo yalitoweka pia. Vitabu kadhaa vilivyowekwa rehani vingaliko. Katika kurasa zao za mwisho mtu anasoma jina la sanduku, tarehe, na jina la mwanafunzi. Na katika vingine, chini yake, tarehe nyingine na jina lingine, kwa sababu kitabu kilekile kilikombolewa, kikasomwa, na kurudi tena sandukuni.